Kufika Kigoma kwa reli, barabara, ndege na maji: panga safari ukianzia ziwani

Wengi wanaoharibikiwa na safari ya Kigoma huwa wameipanga kuanzia mlangoni kwao. Wanakata tiketi ya treni au basi kwanza, wanafika mwisho wa reli, ndipo wanauliza boti la Kagunga linaondoka saa ngapi. Linakuwa limeshaondoka, na la kesho halipo kwa sababu kesho ni Jumapili. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyumenyume: tunaanza na chombo cha mwisho kitakachokupeleka unakokwenda, kisha tunarudi nyuma hadi stesheni, stendi au uwanja wa ndege. Mtu anayeishia Kigoma mjini au Ujiji aruke hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Jua saa na siku ya chombo cha mwisho

Maboti ya mbao yaendayo vijiji vya kaskazini, yaani Mwamgongo, Gombe na Kagunga mpakani mwa Burundi, yanaanzia mwalo wa Kibirizi, kilomita chache kaskazini ya stesheni ya reli. Mpangilio wake unafuata maisha ya wanavijiji wenyewe: asubuhi na mapema wanakuja mjini kuuza na kununua, na kuanzia mchana hadi alasiri wanarudi makwao. Ukitaka kwenda nao, uwe Kibirizi kabla ya saa 6 mchana. Hifadhi ya Gombe ipo kama kilomita 16 tu kaskazini ya mji, lakini haina barabara, na boti la abiria linalosimama kila kijiji laweza kutumia saa 3 au zaidi kufika. Maana yake utalala huko, kwa hiyo malazi yawe yamepangwa kabla hujapanda. Jumapili maboti haya kwa kawaida hayaendi. Treni ikikushusha Jumamosi jioni, hesabu usiku mbili za nyumba ya wageni mjini.

Kwa Burundi kwa njia ya barabara, mpaka ni Manyovu, kama kilomita 60 kutoka Kigoma, lami tupu. Hapa kuna jambo dogo linalowakwamisha watu kila siku: Burundi ipo nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ikiwa saa 12 jioni Kigoma, Bujumbura ni saa 11. Ndivyo ilivyo pia Uvira, Kalemie na Mpulungu. Mtu akikwambia gari au boti linaondoka "saa mbili", muulize ni saa mbili ya upande gani. Simu nayo huweza kushika mnara wa ng'ambo ukiwa bado Kagunga au Manyovu na kujibadilisha saa yenyewe. Zima mpangilio wa saa ya kujiendesha kabla hujakaribia mpaka.

Kwa Mpulungu, Zambia, usitegemee ratiba za zamani zinazozunguka mtandaoni. MV Liemba, meli iliyounganishwa Kigoma na kuteremshwa majini mwaka 1915, ndiyo iliyokuwa ikishusha abiria pwani yote ya mashariki ya ziwa hadi Mpulungu, na ratiba yake ya kila Jumatano ya pili bado inanakiliwa kana kwamba ni ya leo. Meli hiyo ilitolewa kazini kwa matengenezo makubwa. Piga simu au mtume mtu ofisi ya meli bandarini kabla ya kulipia chochote. Meli ikiwa haipo, njia ya Zambia ni barabara kupitia Mpanda na Sumbawanga.

Hatua ya 2: Karatasi, angalau siku 10 kabla

Chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano. Ukichanjwa leo na kufika Manyovu keshokutwa, kadi yako ya njano ni halali kwa rangi tu. Chanja mapema, na hakiki kwamba jina kwenye kadi limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Kadi ikishaiva haina mwisho wa matumizi.

Mtanzania anayevuka achukue pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria kutoka Uhamiaji. Hati ya dharura ni ya safari maalumu, hivyo taja nchi zote unazokwenda wakati wa kuomba. Anayeishia Kigoma asidhani haimhusu: huu ni mkoa wa mpakani wenye kambi za wakimbizi, na maofisa wa Uhamiaji husimamisha mabasi barabarani, hasa upande wa Kakonko, Kibondo na Kasulu, wakaomba vitambulisho siti kwa siti. Beba kadi ya NIDA yenyewe, na uiweke mfukoni. Ikiwa kwenye begi lililo butini, basi zima litakusubiri wewe, na wakati mwingine halikusubiri.

Hatua ya 3: Chagua njia kwa mzigo na majira, kisha kwa nauli

Kutoka Dar es Salaam kuna treni, mabasi ya aina mbili za njia, na ndege. Nauli ndiyo kitu cha kwanza ambacho watu hulinganisha, na ndiyo inayowapoteza. Jiulize kwanza una kilo ngapi, na ni mwezi gani. Mvua za Kigoma huanza karibu Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Safari ya Julai na safari ya Februari ni safari mbili tofauti.

*Treni ya reli ya zamani.* Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Kilosa, Dodoma, Manyoni, Itigi, Tabora, Urambo, Kaliua na Uvinza. Ni njia ya mwenye mzigo na mwenye subira. Hesabu usiku mbili njiani, kama saa 40 mambo yakienda vizuri. Siku za kuondoka hubadilishwa na shirika la reli, TRC, mara kwa mara. Zithibitishe stesheni au kwenye mfumo wao wa tiketi wiki hiyohiyo unayosafiri.

Madaraja ni ya kulala na ya kukaa. Daraja la pili kulala lina vitanda sita kwa chumba, na wanaume hutengwa na wanawake. Familia inayotaka kukaa pamoja ikate vitanda vyote sita. Omba kitanda cha juu ukiwa peke yako. Cha chini ni benchi la wote mchana kutwa, nawe hutalala mpaka wenzako waamue kulala. Daraja la kukaa linavumilika hadi Dodoma. Baada ya hapo viungo vinauma, na usiku wa pili ukitoka Tabora ndio mrefu.

Dirisha la chumba ndilo la kuchungwa. Usiku treni ikisimama kwenye stesheni ndogo isiyo na taa, mkono huingia kutoka nje, ukakamata kinachoning'inia karibu: simu inayochajiwa, mkoba, hata kanga. Kitasa peke yake hakitoshi, kwa kuwa vioo vingi vinateremka vikisukumwa kutoka nje. Tafuta kipande cha mti chenye urefu wa nafasi ya dirisha, ukisimamishe kama kabari chini ya fremu, kisha jaribu kulisukuma mwenyewe. Lisipotikisika, lala.

Tabora pana kazi yake. Hapo treni hugawanywa: mabehewa mengine yanakwenda Mwanza, mengine Kigoma, na ya Mpanda huchepuka mbele, Kaliua. Kichwa kinaondoka, mabehewa yanasukumwa mbele na nyuma, na abiria aliyeshuka kununua asali anarudi na chupa yake mkononi akakuta pale alipoliacha behewa ni reli tupu. Kabla ya kushuka, soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa behewa lako, uipige picha, na umwulize mhudumu limebaki muda gani. Mwachie mwenzako mizigo. Anayetoka Mwanza kwa treni abadilishe hapohapo Tabora, na asihesabu kuunganisha siku hiyohiyo kama treni ya Dar imechelewa.

Nayo huchelewa hasa kwa sababu moja: kipande cha Kilosa hadi Gulwe. Reli pale inafuata bonde la mto Mkondoa, na mvua kubwa zikinyesha maji huchimba tuta na kuacha reli ikining'inia. Hali hiyo ikitokea, safari husitishwa, au abiria huvushwa kipande hicho kwa mabasi. Kwa hiyo kati ya Desemba na Aprili uliza neno moja kabla ya kukata tiketi: "Kilosa panapitika?"

Chakula kipo kwenye behewa la chakula, lakini maji beba mwenyewe, lita 5 kwa mtu. Noti ndogo ni lazima, kwani mwuzaji wa dirishani Uvinza hana chenji ya elfu kumi na treni haimngoji.

*Treni ya umeme hadi Dodoma, kisha basi.* Tangu mwaka 2024 treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, hubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa muda usiofika saa 4 kwa ile ya haraka. Ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 31,000. Inakuondolea foleni ya Kibaha na Chalinze, ambayo ndiyo sehemu inayochosha bure. Ugumu upo kwenye kuunganisha: stesheni ya SGR na kituo cha mabasi cha Nanenane vipo mahali tofauti mjini Dodoma, na mabasi mengi ya Kigoma yanayopita hapo yametoka Dar yakiwa yamejaa. Ukichagua njia hii, kata tiketi ya basi inayoonyesha wazi kwamba unapandia Dodoma na namba ya siti yako, au ulale Dodoma uondoke na basi la alfajiri. Usishuke kwenye SGR saa 4 usiku ukitumaini kupata siti ya kubahatisha. Reli hiyo ya kisasa bado inajengwa kutoka Tabora kuelekea Kigoma. Anayekwambia kuna SGR ya kwenda moja kwa moja anakuuzia kitu ambacho hakijakamilika.

*Basi.* Kutoka Dar mabasi huanzia kituo cha Magufuli, Mbezi Louis. Tangu serikali iruhusu mabasi kusafiri saa 24 mwaka 2023, mengi hayalali tena njiani, kwa hiyo ukiondoka alfajiri unaweza kuingia Kigoma asubuhi ya siku inayofuata. Swali la msingi la kumwuliza mkata tiketi ni njia gani gari linapita, kwa kuwa zipo mbili na hazifanani.

Ya kwanza ni ya Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi, Kakonko, Kibondo na Kasulu. Ni ndefu na inazunguka, lakini ndiyo ya kutumia wakati wa mvua. Miaka ya nyuma kipande cha Nyakanazi hadi Kasulu kilikuwa vumbi na mashimo. Ujenzi wa lami umekibadilisha kabisa. Ya pili ni ya Manyoni, Itigi, Tabora, Urambo, Kaliua, Daraja la Kikwete juu ya mto Malagarasi, na Uvinza. Ni fupi kwa kilomita nyingi. Tatizo lake ni kipande kati ya Malagarasi na Uvinza, ambacho kilichelewa kuwekwa lami kuliko vingine vyote. Pasipo na lami, Julai kinapitika kwa vumbi, na Februari lori moja likilala ubavu kwenye tope, magari yote yanalala nalo. Kabla ya kukata tiketi ya njia hii wakati wa masika, mpigie mtu aliye Uvinza au Kaliua, maana wa Dar atakwambia barabara ni nzuri.

Siti: epuka ya nyuma kabisa na zilizo juu ya tairi, zinarusha. Kwa jua, kumbuka basi linaelekea magharibi: mwezi wa 6 jua linalala kaskazini, kwa hiyo upande wa kulia ndio unaochomwa, Desemba ni upande wa kushoto. Siti za mbele zina nafasi ya miguu lakini mlango unafunguliwa usiku kucha.

Nunua tiketi ofisini au kwa mfumo wa mtandao, na uhakikishe ina jina lako, namba ya gari na nauli uliyolipa. Wapiga debe wanaokupokea getini huongeza chao juu ya nauli, na siti waliyokuahidi huwa tayari ina mwenyewe. Mizigo ya butini iandikwe jina na simu kwa kalamu isiyofutika, upewe risiti, na ushuke kuangalia kila buti linapofunguliwa: Singida, Nzega, Kahama, Kasulu. Vitu vingi vinavyopotea havikuibwa. Vimeshushwa kwa makosa pamoja na mzigo wa mwingine. Gari likisimama kuchimba dawa, angalia aliyekaa jirani yako na mwambie unashuka. Kondakta huhesabu kwa macho, na usiku macho huchoka.

*Ndege.* Air Tanzania huruka kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, na baadhi ya safari hupitia mji mwingine, kama Tabora, kwanza. Ni saa chache badala ya siku. Ndege za njia hizi mara nyingi ni za mapanga zenye viti 76, na makabati ya juu ya kichwa ni madogo: sanduku gumu la magurudumu litachukuliwa likawekwe chini, kwa hiyo dawa, nyaraka na pesa ziwe kwenye mfuko laini. Kosa la kila wiki ni la saa: tiketi ikiandika 06:00 ni saa 12 kamili asubuhi, siyo saa 6 mchana. Uwanja upo kilomita chache tu kutoka katikati ya mji; bajaji inatosha.

*Kutoka pande nyingine.* Mwanza ni rahisi kuliko ilivyokuwa, kwa sababu daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 na kumaliza foleni ya kivuko. Basi linapita Sengerema, Geita na Nyakanazi. Kutoka Mbeya unapita Sumbawanga na Mpanda. Lami ni nzuri hadi Mpanda, na inaendelea kidogo kaskazini yake, lakini katikati ya Mpanda na Uvinza pana vipande vya udongo na vijiji vimetengana sana. Ondoka Mpanda asubuhi, tangi likiwa limejaa kama una gari lako, na usianze kipande hicho baada ya saa 8 mchana wakati wa mvua.

Hatua ya 4: Kuingia mjini

Treni inakushusha chini kabisa mjini, karibu na bandari, na ukitoka nje ya jengo unapandisha barabara ya Lumumba. Mabasi yanaishia stendi ya Masanga, nje ya katikati ya mji. Kwa hiyo anayekwenda Manyovu asiingie mjini kabisa: kutoka Masanga au Mwandiga apate gari moja kwa moja. Anayekwenda Ujiji, kilomita 8 hivi kusini, apande daladala. Anayekwenda Kibirizi achukue bajaji, na bei ikubaliwe kabla ya begi kupakiwa.

Hatua ya 5: Kuvuka

Kwa Manyovu, magari madogo huondoka yakijaa, siyo kwa saa. Asubuhi yanajaa haraka. Baada ya saa 8 mchana unaweza kukaa ndani ya gari muda mrefu kuliko safari yenyewe. Mpakani gonga muhuri wa kutoka upande wa Tanzania kwanza, kisha uende Mugina upande wa Burundi ukagonge wa kuingia. Wapo bodaboda watakaokuvusha bila kusimama popote wakisema "hapa wote ni ndugu". Ni kweli ni ndugu, lakini pasipoti isiyo na muhuri wa kuingia itakuletea shida Rumonge au siku ya kurudi. Kumbuka ng'ambo wanaendesha kulia. Ukishuka kwenye pikipiki tazama kushoto kwako kabla ya kukanyaga barabara. Kutoka Mugina magari yanashuka Mabanda na Nyanza-Lac, halafu yanafuata ufuko kupitia Rumonge hadi Bujumbura. Badilisha pesa kidogo tu mpakani, ya kukufikisha, na hesabu noti mwenyewe kabla hujatoa zako.

Kwa boti, angalia vitu vitatu ukiwa bado mchangani. Kwanza, ukingo: ubavu wa boti lililopakiwa ubaki juu ya maji angalau kwa urefu wa mkono, toka kiwiko hadi ncha za vidole. Ukibaki kiganja tu, usipande, hata kama nauli umeshalipa. Pili, jaketi la kuokolea: liwe mwilini mwako, siyo limefungwa chini ya magunia. Tatu, upepo. Ziwa hili lina kina cha hadi mita 1,470, na upepo wa kusini wa kiangazi, Mei hadi Septemba, huinua mawimbi mafupi yanayopiga ubavuni. Asubuhi maji huwa yametulia. Mabaharia wakianza kushusha mizigo wenyewe bila kuambiwa, wameona kitu, ahirisha nao.

Anayevuka kwenda Kalemie au Uvira aulize bandarini siku hiyohiyo, siyo wiki iliyopita. Vyombo vingi vya upande wa Congo ni vya mizigo na vinangoja shehena, na hali ya usalama ya Kivu ya Kusini hubadilika. Pitia Uhamiaji bandarini kabla ya kupanda, usiondoke na chombo kinachopakia abiria gizani.

Wakati wa kurudi utabeba mawese, na kondakta atakukatalia dumu ambalo halikufungwa vizuri. Usilijaze hadi mdomoni, liachie nafasi ya vidole vinne kwa sababu mafuta hutanuka kwa joto la butini. Tandika nailoni nene mara mbili juu ya mdomo ndipo ukaze kifuniko, kisha funga shingo yote kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Liache limelala kwa ubavu juu ya gazeti usiku mzima, na asubuhi angalia gazeti kabla ya kwenda stendi.